Kutembea, kukimbia, kuogelea, baiskeli, vyuma au yoga? Kuchagua mazoezi ukiwa na ugonjwa sugu wa utumbo

Siku niliyoambiwa nina ugonjwa wa Crohn, nilitoka kliniki na maneno matatu ya mwisho ya daktari: "Na mazoezi pia." Hakusema mazoezi gani, mara ngapi, wala nifanye nini siku ambayo tumbo linanipeleka chooni mara nane kabla ya saa sita mchana. Nikaanza kukimbia, kwa kuwa ndilo zoezi nililolijua. Wiki ya pili nilijikuta nimejiinamia kando ya ukuta wa nyumba ya watu nisiowafahamu, mikono yote miwili tumboni, jasho jembamba la baridi limenitanda usoni, nikihesabu pumzi ili nisiaibike. Nikaacha. Nikakaa karibu mwaka mzima bila zoezi lolote, na huo mwaka wa kukaa ulinigharimu kuliko ile asubuhi moja: mapaja yalikonda, ngazi za nyumbani zikawa mlima, na usingizi ukaharibika.

Naandika kwa ajili ya mtu aliyekwama hapo nilipokwama mimi. Nitaziweka njia sita kwenye mizani moja. Sitakuambia ipi ni bora kwa kila mtu, kwa sababu sijaona bado zoezi linalomfaa mwenye mfuko wa choo (unaobandikwa tumboni baada ya upasuaji), mwenye fistula (njia isiyo ya kawaida inayotoboka kutoka utumboni, mara nyingi hadi kwenye ngozi karibu na njia ya haja kubwa) na mwenye mifupa iliyodhoofu kwa pamoja.

Tuelewane majina kwanza. Uvimbe sugu wa utumbo una sura kuu mbili. Crohn inaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, na mara nyingi hushika mwisho wa utumbo mwembamba. Kolaitisi ya vidonda hukaa kwenye puru na utumbo mpana, na dalili yake kubwa ni choo chenye damu na kamasi. Haya si vile vidonda vya tumbo ambavyo karibu kila ukoo una mtu anayevilalamikia, na "uvimbe" hapa si kinundu kilichoota. Ni utumbo wenyewe kuvimba na kuchubuka kwa sababu kinga ya mwili inaushambulia. Ugonjwa una vipindi vya kuamka na vipindi vya kulala, na wagonjwa wengi tunausemea hivyohivyo: umeamka, umelala.

Kabla ya kuchagua zoezi, tazama hali

Mwaka 1955 madaktari wawili wa Oxford, Sidney Truelove na Leslie Witts, walichapisha vigezo vya kuitambua kolaitisi kali: choo chenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na dalili kwamba mwili mzima umeguswa, kama mapigo ya moyo kuzidi 90 kwa dakika ukiwa umetulia au joto la mwili kuzidi nyuzi 37.8. Madaktari wanavitumia hadi leo. Ukijiona humo, hakuna zoezi katika makala haya linalokuhusu. Unahitaji hospitali siku hiyohiyo. Ni hivyo pia kama tumbo limejaa na kuwa gumu, unatapika, na hata hewa haipiti, maana huenda utumbo umeziba. Na mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na kuuma kwenye shavu la mguu, au pumzi ikakatika ghafla, usiseme ni misuli ya jana. Magonjwa haya huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, hasa yanapokuwa yameamka.

Jambo la pili ni uchovu. Mgonjwa wa utumbo anaweza kuchoka hata ugonjwa ukiwa umelala, na wengi wetu tumeitwa wavivu kwa ajili hiyo. Kabla hujakubali jina hilo, omba wakupime wingi wa damu, madini ya chuma na vitamini B12. Vitamini hiyo hufyonzwa mwisho wa utumbo mwembamba, palepale Crohn inapopenda kukaa, au palepale daktari wa upasuaji alipokata. Hakuna kutembea kutakakoziba pengo la madini ya chuma.

Vigezo vitano

*Tumbo.* Mwili ukijitahidi sana, damu huhama kwenda kwenye misuli na ngozi. Ile inayokwenda kwenye matumbo inaweza kupungua kwa kiasi cha hadi 80% katika mazoezi makali. Ndiyo maana hata watu wasio na ugonjwa wowote huumwa tumbo au kuharisha wakikimbia mbio ndefu. Kipimo rahisi cha ukali hakihitaji saa: ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko wastani. Ukitoa neno mojamoja, umepita hapo.

*Choo.* Kiko umbali gani, na je, unaweza kuacha zoezi katikati bila kujieleza kwa mtu?

*Mifupa na misuli.* Kigezo hiki husahaulika, na kwangu ni kizito kuliko vingine. Uvimbe wenyewe hula mifupa, utumbo mgonjwa haufyonzi vizuri, na juu yake kuna prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi ya kutuliza uvimbe. Mifupa hudhoofu kwa kasi zaidi katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo ya kutumia steroidi. Mfupa hujengwa na mzigo: uzito unaoushukia mguu, au chuma kinachovutwa na msuli.

*Maji na chumvi.* Anayeharisha, na zaidi aliyetolewa utumbo mpana, ameanza zoezi akiwa tayari na upungufu.

*Siku mbaya.* Je, zoezi hili linapunguzika? Unaweza kulifanya robo yake, bado likahesabika, kisha ukarudi wiki ijayo bila kuanza upya?

Kutembea kwa miguu

*Tumbo.* Hapa ndipo pa upole kuliko pote. Nchini Canada, utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 1999 uliwachukua watu wenye Crohn waliokuwa hawafanyi mazoezi, wakatembea mara 3 kwa wiki kwa wiki 12. Ugonjwa haukuamka kwa sababu ya kutembea, na hali yao ya maisha ikawa nzuri zaidi. Kutembea ndilo zoezi ambalo hata siku ya kuharisha kiasi unaweza kulijaribu.

*Choo.* Usitembee kwenda mbali kisha kurudi. Zunguka. Mimi nina duara la dakika kumi na mbili ambalo mwisho wake ni mlango wangu mwenyewe. Kila nikifika mlangoni najiuliza tumbo linasemaje. Likinyamaza, naanza duara jingine. Siku nzuri natimiza manne. Siku mbaya moja linatosha, na bado nimetembea. Lile duara lilinirudishia nje. Kabla ya hapo nilikuwa naiogopa barabara.

*Mifupa na misuli.* Inasaidia kidogo. Mtu aliyekaa kitako muda mrefu ataona tofauti, lakini mwili huzoea upesi na mzigo haupandi. Kupanda kilima au ngazi huongeza kitu.

*Maji.* Kwa nusu saa, maji ya kawaida yanatosha kwa wengi.

*Siku mbaya.* Hakuna zoezi linalopunguzika vizuri kuliko hili.

Linamfaa anayeanza, aliyetoka hospitali, na mwenye ugonjwa ulioamka kiasi. Halimtoshi aliyemeza steroidi miezi mingi akidhani mifupa yake imepata chakula.

Kukimbia

*Tumbo.* Mambo mawili hugongana hapa: damu inapungua tumboni, na mwili unatikiswa kila hatua. Lakini sikubaliani na wanaosema mwenye ugonjwa huu asikimbie. Ugonjwa ukiwa umelala, wengi hukimbia vizuri wakipanga saa. Kula huamsha utumbo mpana, ndiyo maana baada ya kifungua kinywa watu hutafuta choo. Acha saa 2 hadi 3 zipite tangu ulipokula, na usitoke mpaka umekwenda haja. Vinywaji na jeli za wanamichezo zisome lebo: sorbitoli na sukari nyingine za jamii hiyo humfanya hata mtu asiye na ugonjwa aharishe, na kafeini huchochea utumbo.

Kisha kuna dawa za maumivu, na hapa naomba usome taratibu. Goti likiuma baada ya mbio, mkono huenda kwenye ibuprofeni au diklofenaki, kwa kuwa ndizo zilizo ndani ya kila mkoba wa mwanamichezo. Dawa za kundi hilo zinaweza kuuamsha ugonjwa. Parasetamoli ndiyo chaguo la kawaida kwetu, na ikishindwa muulize daktari badala ya kuongeza nyingine. Na kama umepewa antibiotiki ya siprofloksasini kwa ajili ya fistula au maambukizi, tahadhari na kano ya kisigino. Dawa hiyo inaweza kuidhoofisha hadi ikakatika, zaidi kwa anayetumia steroidi pia. Maumivu mapya nyuma ya kifundo cha mguu yana maana ya kusimama na kupiga simu kliniki.

*Choo.* Hiki ndicho kigezo kinachowashinda wengi. Kiwanja chenye mzunguko mfupi na choo kinachojulikana ni bora kuliko barabara nzuri isiyo na kitu. Mashine ya kukimbilia ndani haina mandhari, lakini inakuweka hatua kumi kutoka mlangoni.

*Mifupa na misuli.* Hapa kukimbia kunalipa. Kila mguu unapotua, mfupa hupokea nguvu mara 2 hadi 3 ya uzito wako, na mfupa wa nyonga huitikia. Ila kama umetumia steroidi kwa muda mrefu, pima uzito wa mifupa kwanza. Mfupa uliokwisha kuwa mwepesi unaweza kupata ufa kwa zoezi hilohilo ambalo lingeujenga mapema.

*Maji.* Upotevu ni mkubwa. Kama unaharisha au una mfuko, maji matupu hayatoshi na yakizidi huchochea utokaji. Pakiti ya ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani, inayochanganywa na lita 1 ya maji, ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida na gramu 13.5 za glukosi. Uwiano huo una sababu yake: kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, chumvi na sukari hupita pamoja katika mlango mmoja na kuyavuta maji nyuma yao. Kunywa kidogokidogo kabla na baada. Mkojo mweusi kama chai kavu ni taarifa kwamba umechelewa.

*Siku mbaya.* Kukimbia hakupunguziki vizuri kama kutembea, ila kuna njia: dakika 1 ya kukimbia, 2 za kutembea. Aliyezoea mbio huona hilo ni kushushwa hadhi. Mimi nimejifunza kuliheshimu.

Anayetumia azathioprini, dawa ya kushusha kinga, avae kofia na mikono mirefu kwenye jua, iwe anakimbia au anatembea, maana dawa hiyo huongeza hatari ya saratani ya ngozi.

Kuogelea

*Tumbo.* Maji hubeba mwili, hakuna mtikiso. Kwa mwenye viungo vinavyouma, jambo la kawaida kwenye magonjwa haya, kuogelea ni faraja ambayo nchi kavu haina. Na si zoezi la wanyonge: Kathleen Baker wa Marekani, mwenye Crohn tangu utotoni, alipata medali ya fedha ya mita 100 za chali kwenye Olimpiki ya 2016.

*Choo.* Choo huwa karibu, lakini vazi lililoloa halivuliki haraka. Wiki ya kuharisha usiingie bwawa la watu, kwa heshima yao na kwa afya yako. Kuna vijidudu vya kuharisha, hasa kriptosporidiamu, ambavyo klorini haiviui upesi. Anayetumia dawa za kushusha kinga asimeze maji ya bwawa.

*Mifupa na misuli.* Misuli hupata kazi, mifupa haipati mzigo. Anayeogelea tu anahitaji kitu kingine cha nchi kavu.

*Maji.* Unatoka jasho bila kuliona. Kunywa hata kama umeloa.

*Siku mbaya.* Linapunguzika ukiwa ndani, lakini safari ya kwenda bwawani haipunguziki, na hiyo ndiyo inayowashinda waliochoka.

Mwenye mfuko anaweza kuogelea jeraha likishapona: klorini haiidhuru stoma, yaani tundu la tumboni ambako choo hutokea, na gundi ya mfuko hustahimili maji. Umwage kabla ya kuingia. Jaribu kwanza nyumbani kwa kukaa nao majini muda wa zoezi zima, ili uamini kwa macho yako. Mwenye jeraha wazi, fistula inayotoa usaha, au mrija wa dawa kwenye mshipa mkubwa asubiri.

Baiskeli

Kwa *tumbo* baiskeli ni tulivu kuliko mbio, kwa *choo* inategemea kama unaendesha barabarani au ile ya mazoezi ya ndani isiyosogea, kwa *maji* ni kama kukimbia, na kwa *mifupa* ni hafifu kama kuogelea ingawa mapaja yanajengeka. *Siku mbaya* ile ya ndani hupunguzwa kwa kugeuza kitufe cha ugumu tu. Ilitumika Uingereza katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 wa watu 36 wenye Crohn iliyolala au iliyoamka kidogo: wengine waliendesha kwa wastani, wengine kwa dakika moja kali na moja ya kupumua, mara 3 kwa wiki kwa wiki 12, na njia zote mbili zilivumilika. Kwa hiyo ukali peke yake si mwiko.

Kikwazo ni kiti. Mwenye fistula au jipu karibu na njia ya haja kubwa asikalie tandiko la baiskeli mpaka daktari aridhike. Najua mtu aliyevumilia kwa ukaidi na kidonda kikarudi nyuma miezi.

Vyuma na mazoezi ya nguvu

Niliyaogopa haya kuliko yote, na sasa ndiyo ninayoyategemea.

*Tumbo.* Hayatikisi, wala hayanyang'anyi matumbo damu kwa muda mrefu. Hatari yake ni msukumo. Ukibana pumzi na kunyanyua, tumbo hukaza kutoka ndani, na penye udhaifu hapo ndipo ngiri hutokea: kwenye mshono wa upasuaji au kando ya stoma. Tiba ni pumzi. Toa pumzi wakati wa kunyanyua, vuta wakati wa kushusha. Kama huwezi kukinyanyua chuma bila kubana pumzi, ni kizito kwako leo.

Watu huuliza kizito maana yake nini. Kwa anayeanza, chukua uzito unaoweza kuunyanyua mara 12 hadi 15, zile mbili za mwisho zikiwa ngumu lakini sura haijakunjamana. Mimi nilianza na chupa mbili za maji za lita moja na nusu. Niliketi kwenye kiti, nikainuka bila kushika popote, nikaketi tena taratibu, mara nane. Siku iliyofuata mapaja yaliuma kama ya mtu aliyelima. Mwezi wa tatu nilikuwa nainuka na zile chupa mkononi mara kumi na tano, na zile ngazi za nyumbani zilikuwa zimerudi kuwa ngazi.

*Choo.* Unafanyia chumbani. Hakuna zoezi lililo karibu na choo kuliko hili. Jimu nayo ina choo, na unaweza kutoka kati ya seti mbili bila mtu kugundua. Pangusa vifaa kabla ya kuvishika kama unatumia dawa za kushusha kinga.

*Mifupa na misuli.* Hapa hakuna mpinzani. Mwaka 2020 nchini Uingereza ulichapishwa utafiti wa watu wazima 47 wenye Crohn tulivu. Kundi moja lilifanya mazoezi ya nguvu pamoja na kurukaruka kwa miezi 6. Mifupa ya uti wa mgongo iliongezeka uzito na misuli ikapata nguvu kuliko kwa wenzao. Kwa mtu aliyepita kwenye steroidi, habari hiyo ina uzito wa dawa.

*Maji.* Upotevu ni mdogo.

*Siku mbaya.* Linapunguzika vizuri: seti moja badala ya tatu, chupa tupu badala ya zilizojaa. Ugonjwa ukiwa umeamka, misuli hailiwi na uvivu tu bali na uvimbe wenyewe, kwa hiyo hata seti moja ya kuketi na kuinuka ina thamani.

Kinachokosekana hapa ni pumzi na moyo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi. Ni mambo mawili, na moja halizibi pengo la lingine. Kwetu hizo dakika ni mwelekeo, si deni.

Yoga na mazoezi ya pumzi

*Tumbo.* Ni tulivu, isipokuwa mikunjo mikali ya kiuno na kulala kifudifudi, ambayo aliyekatwa tumbo hivi karibuni au mwenye stoma aiache. Nchini Ujerumani, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwachukua watu 77 wenye kolaitisi iliyolala. Waliofanya yoga dakika 90 kwa wiki, kwa wiki 12, walipata hali bora ya maisha kuliko waliopewa maandishi ya kujitunza. Wengi wetu tunajua jinsi hofu inavyoshuka moja kwa moja tumboni, kwa hiyo hilo halikunishangaza.

*Choo.* Hakuna tatizo nyumbani. Darasani kaa karibu na mlango. *Mifupa* hupata kidogo, mizani ya mwili na unyumbufu hupata zaidi, na mgongo unaokakamaa asubuhi hufunguka. *Maji* si shida, ila vile vyumba vinavyopashwa moto kwa makusudi viache kabisa kama unaharisha au una mfuko. *Siku mbaya* unaweza kulala chali, magoti juu, ukapumua dakika kumi, na hiyo ikawa yoga.

Kwa hali yako

*Ugonjwa umeamka kiasi, hauko kwenye dalili za hatari.* Tembea kwa maduara mafupi karibu na mlango, na seti moja ya kuketi na kuinuka. Acha mbio na bwawa mpaka choo kitulie. Loperamidi (dawa ya kuzuia kuharisha) ya kujinunulia ili "ujikaze" wakati wa zoezi usiinywe bila daktari. Kolaitisi ikiwa kali inaweza kuufanya utumbo mpana utanuke kwa hatari.

*Umemaliza, au bado unameza, steroidi.* Vyuma viwe nguzo, kutembea kuwe msaidizi. Uliza kuhusu kupimwa mifupa na kuhusu kalsiamu na vitamini D. Kama ulipenda mbio, zirudie baada ya kipimo.

*Una stoma au umefanyiwa upasuaji.* Siku za mwanzo ni kutembea tu, na kutembea huko hulinda pia dhidi ya damu kuganda. Kunyanyua vizito husubiri wiki 6 hadi 12 kwa maelekezo ya aliyekupasua. Baadaye anza na kukaza tumbo taratibu kwa pumzi, kisha vyuma vyepesi, na muulize muuguzi wa stoma kuhusu mkanda wa kushikilia. Darren Fletcher, aliyekuwa mchezaji wa kiungo wa Manchester United na Scotland, alisimama kucheza Desemba 2011 kwa sababu ya kolaitisi, akapasuliwa Januari 2013, kisha akarudi ligi kuu na kuwa nahodha wa West Bromwich Albion. Ilimchukua muda mrefu, na alikuwa na jopo zima la kumsaidia. Jipe muda huo na zaidi.

*Una fistula au jipu.* Baiskeli na bwawa hapana kwa sasa. Kutembea na mazoezi ya nguvu ya mikono na mgongo ndiyo yako.

*Viungo au mgongo vinakakamaa asubuhi.* Bwawa kama liko karibu na tumbo limetulia, au yoga. Kukakamaa kwa ugonjwa huu hupungua ukijongea na huzidi ukilala, kinyume cha goti lililotumika sana.

*Ugonjwa umelala kabisa, damu iko sawa, na moyo unataka mbio.* Kimbia. Panga saa ya kula, jua choo kilipo, beba ORS, na siku mbili za wiki ziwe za vyuma.

*Umekaa mwaka mzima bila kufanya lolote.* Anza na dakika kumi za kutembea, mara tatu wiki ya kwanza, ukiongeza dakika mbili au tatu kila wiki. Chukua daftari, chora safu tatu: dakika, mara ulizokwenda choo, ulivyolala. Choo kikiongezeka siku mbili mfululizo, kata dakika nusu, usikate zoezi. Kikiendelea kuongezeka au ukaona damu, piga simu kliniki. Wiki ya sita nenda na daftari hilo kwa daktari wako, lifungue mezani, mwoneshe safu zote tatu, kisha muulize zoezi gani liongezwe sasa.